Waya wa Parabole na Darasa la Madame Kanyere

Madame Kanyere alifika Goma siku ya mvua, begi la shule mgongoni na kandambili zisizofanana miguuni. Waasi walikuwa wameingia mji wa Kiwanja, na shule aliyokuwa akifundisha hesabu ilikuwa imegeuka malazi ya askari. Hakuwa na ndugu mjini. Alichokuwa nacho ni jina la Muzee Aruna, aliyewahi kuendesha lori pamoja na kaka wa Kanyere katika barabara ya Butembo, basi akauliza njia hadi akafika mlangoni kwake.

Shakila, binti wa Muzee, ndiye aliyempokea. Wakampa chumba katika nyumba ndogo ya nyuma. Shakila alidhani mgeni atalala siku mbili tatu kwa uchovu, lakini asubuhi iliyofuata alimkuta uani, chini ya dirisha la sebule, ameinamia simu, akifundisha kwa sauti ile ile ya mbele ya darasa.

"Unaongea na nani, Madame?"

"Na wanafunzi wangu wa mwaka wa sita wa sekondari. Wametawanyika. Wengine wako Mugunga, kambi ya waliokimbia vita, wamezunguka simu moja ya mwenzao Aubin. Wengine walivuka mpaka kwenda Uganda. Mtihani wa diploma hautawangojea."

Kuanzia siku ile Shakila hakuacha kumtazama. Kanyere aliegemeza kipande cha ubao kwenye dumu la maji, akaandika kwa chaki, akaelekeza simu. Aliyekosea hakumkaripia, alimwambia, "Rudi nyuma hatua moja, utaliona." Mvua ilipoanza alifungua mwavuli, akaushika kwa bega, akaendelea kuandika. Mama Asma, mama yake Shakila, alimsihi aingie sebuleni. Alikataa kwa upole: mle ndani watu wanaswali, wageni wanapokewa, na yeye sauti yake ni ya kufukuza kuku. Baada ya majuma machache kikohozi kilimkaa kifuani. Hata hapo hakuhama dirishani, kwa sababu Wi-Fi ya nyumba ile iliishia pale pale.

Jambo hilo lilimchoma Shakila. Yeye kazi yake ilikuwa kufunga mitandao ya intaneti katika ofisi za watu, na mgeni wa nyumbani kwao ananyeshewa akitafuta mtandao.

Shida ilikuwa kuta. Mlima wa volkano ulipotema moto mwaka 2002, nyumba ya kwanza ya Muzee Aruna ilifunikwa yote. Lava ilipopoa akaivunja vipande, akajenga juu yake kwa mawe yale yale meusi, kuta nene kama za ngome. Shakila aliweka kwenye ushoroba kifaa cha kupokea mawimbi ya Wi-Fi na kuyarusha mbele. Mawe yakayameza. Akamwita Cirimwami, mwashi wa mtaa, atoboe njia ya waya mpya. Cirimwami alipapasa nyufa zilizobaki tangu matetemeko ya 2021, akarudisha mashine yake ya kutoboa ndani ya begi la kazi.

"Huu ukuta uko umechoka, Shakila. Nikitoboa hapa, unaweza kutuangukia."

Muzee Aruna alikuwa amekaa kibarazani akiwasikiliza. Akauliza, "Mbona munatafuta tundu mupya? Tundu liko. Waya wa parabole unatoka salon, unapita mu plafond, unaingia kule nyuma. Niliuvuta mwenyewe, juu ya marehemu ndugu yangu, aliyekaa kule, apate kuona mupira."

Shakila aliingia sebuleni kuutazama. Waya ule mweusi wa dishi la televisheni, mnene kama kalamu, unaopita darini, alikuwa ameuona tangu utoto, na hata mara moja hakuwahi kuufikiria kuwa ni njia. Alijua kuwa kuna adapta zinazopitisha intaneti ndani ya waya wa televisheni, moja upande huu na nyingine upande ule. Hazikuwepo Goma. Shangazi yake Kadidja, anayevuka mpaka kwenda Gisenyi kwa biashara, akaagiza Kigali, na baada ya kungoja sana zikafika zimefungwa ndani ya kitenge.

Siku ya kuzifunga, Kanyere alishika ngazi. Shakila aliunganisha adapta ya kwanza na kisanduku cha intaneti sebuleni, ya pili akaifunga kwenye ncha ya waya kule nyuma, pamoja na kifaa kidogo cha kurusha Wi-Fi. Taa ya muungano haikuwaka. Alikaza ncha zote upya. Haikuwaka.

"Rudi nyuma hatua moja," Kanyere akasema kutoka chini ya ngazi, bila mzaha.

Shakila akapanda darini, akaufuata waya kwa vidole, sentimita baada ya sentimita katika vumbi. Katikati ya njia alikuta kikopo cha bati kimeota kutu. Kilikuwa kikuza-mawimbi ambacho baba yake alikifunga zamani ili picha ifike nyuma ikiwa safi. Kikopo kile kilijua kupitisha kitu upande mmoja tu, kutoka kwenye dishi kuja chini, na intaneti hutaka kwenda na kurudi. Akakitoa, akaunganisha ncha mbili za waya.

"Imewaka," Kanyere akaita. Mara Mama Asma naye akaita kutoka sebuleni, "Televisheni imekufa."

Shakila alishuka akiwa amejaa vumbi hadi kope. Akamweleza baba yake ukweli: dishi na intaneti vinatumia masafa yale yale ndani ya waya mmoja, na haviwezi kuelewana. Kimoja lazima kitoke. Alijua anachoomba. Tangu magoti yake yamshinde, Muzee Aruna alikuwa akishinda mbele ya televisheni ile, mpira mchana, habari jioni.

Muzee aliinuka kitini. Halafu akaenda mwenyewe nyuma ya televisheni, akaufungua waya wa dishi kwa mkono wake.

"Habari yenyewe ni ya vita tu," akasema. "Batoto basome."

Kanyere aliuchukua ubao wake uani. Akaingia chumbani kwake, akaegemeza ubao ukutani, akapiga simu. Shakila alisimama mlangoni akamsikia Aubin akisema kutoka Mugunga, "Madame, leo sauti yako haikatiki. Na mvua hatuisikii."

Darasa lile liliendelea hadi mtihani. Wawili walikata tamaa njiani, na msichana mmoja wa upande wa Uganda simu yake ilizimika, hakusikika tena. Kanyere aliendelea kumpigia kila asubuhi kabla ya kuanza. Matokeo yalipotoka, Aubin alikuwa amepata diploma, na wenzake wengi wa kambini pia. Mama Asma alipika pilau, akawaita wanafunzi waliokuwa karibu waje kula.

Walipokuja, Shakila aliona mwalimu na wanafunzi wake wakisimama wakitazamana, kama watu wasiojua waanzie wapi. Kisha Kanyere akawashika nyuso, mmoja baada ya mwingine, kwa mikono yenye chaki.

Siku iliyofuata alikuwa chumbani tena, mlango wazi, akiwaanzishia kwa simu wanafunzi wa darasa la chini yao somo la kwanza. Muzee Aruna alikuwa amehamishia kiti chake pale nje ya mlango, akisikiliza.