Swali la Kitanda

Mlango ulipofungwa nyuma ya mumewe, Mama Bosi alibaki peke yake kwenye ukumbi wa kusubiria, roho mkononi, amekumbatia mkoba kana kwamba ameambiwa wezi wamejaa. Wezi hawakuwapo. Kulikuwa na viti vya plastiki vilivyofungwa nati sakafuni, mashine ya kutoa namba, na mlinzi aliyekuwa akipiga miayo bila hata kuziba mdomo. Mwanamke huyu hakuwa mwoga hivyo siku zote. Kwenye kiwanda cha mikate alikofanya kazi alivuta trei za moto tangu alfajiri, mikono imejaa alama za kuungua, na msimamizi wao mwenye mdomo mchafu alimkwepa yeye peke yake. Lakini leo mate yalikuwa yamemkauka.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mumewe, fundi bomba wa hospitali, alikuwa raia wa nchi ile ya ugenini kwa miaka mingi. Alikuwa amewaombea uraia mkewe na binti wa mkewe, mtoto wa miaka tisa ambaye kila mtu alimwita Bosi kwa jinsi alivyopenda kuwaamrisha watu wazima. Baba mzazi wa Bosi alifariki kabla mtoto hajazaliwa. Huyu fundi bomba ndiye baba aliyemjua. Sasa ofisi ya uraia ilitaka kujiridhisha kwamba ndoa yao ni ndoa kweli, si ndoa ya kutafutiana makaratasi. Mume anaulizwa peke yake, mke anaulizwa peke yake, maswali yale yale. Majibu yakipishana, ombi linaanguka, na kwa kuwa kibali chao cha muda kilikuwa ukingoni, mama na mtoto wanafungasha.

Huko kufungasha ndiko kulikomtia baridi. Bosi alikuwa na kifafa. Kilimwanza mwaka uliopita, ghafla, bila hodi. Kule walikotoka dawa yake leo ipo, kesho haipo, keshokutwa unaambiwa ujaribu mwezi ujao, na mtoto yule akikosa dawa siku mbili tu anaanguka. Mama Bosi hakutaka pasipoti ya kuringia wala bendera ya kupunga. Alitaka mwanawe abaki mahali penye dawa, basi.

Na kama hofu hiyo haikutosha, kulikuwa na Wakili wa Ngazini. Usidhani alikuwa wakili. Alikuwa jirani wa ghorofa ya chini, muuza makava ya simu, aliyeshinda amekaa kwenye ngazi za jengo akigawa ushauri kwa kila apandaye na ashukaye. Yeye mwenyewe alianguka kwenye mahojiano mara mbili kabla ya kupita, kwa hiyo alijiona profesa wa kuanguka. Siku aliyosikia kwamba majirani zake wameitwa, aliwakalisha chini.

"Nisikilizeni vizuri, maana sirudii," aliwaambia, na akarudia kwa wiki tatu mfululizo. "Moja, mume na mke wasiolala kitanda kimoja, kwa serikali hao ni wapangaji. Pili, ugonjwa wa mtoto usitajwe, hata wakikubana vipi. Mtoto mgonjwa ni gharama. Nani anapokea gharama kwa hiari yake?"

Mume na mke walitazamana. Tangu kifafa kianze, Baba Bosi alikuwa analala chumbani kwa mtoto, godoro sakafuni, mkono wake umeshika kifundo cha mguu wa Bosi, ili akianza kutetemeka ajue. Mwaka mzima hawakuwa wamelala pamoja kitanda kimoja. Yeye akirudi kutoka zamu ya jioni mkewe amelala. Mkewe akiondoka alfajiri yeye yuko sakafuni, mdomo wazi. Walipendana, lakini mapenzi yao yalipita mlangoni kwa zamu.

Basi wakakariri. Mtoto akiwa shule, walikaa jikoni wakaulizana: analala upande gani? Kulia. Jana mlikula nini? Wali. Mtoto anaendeleaje? Mzima wa afya. Mama Bosi alishika upesi. Shida ilikuwa mumewe. Mungu alimpa mikono ya kuziba bomba lolote linalovuja, lakini mdomo wake haukuzibika. Kila alipotaka kudanganya alianza na "kusema ukweli", kisha anajikuna shingo hadi inawiva. Aliwahi kuvunja chupa ya chai akajaribu kumsingizia paka. Hawakuwa na paka.

"Baba Bosi, utaweza kweli?" alimuuliza asubuhi ile wakivaa viatu.

"Nitaweza. Nimekuahidi."

"Ukishindwa je?"

"Sitashindwa, mama. Ni mtoto huyu."

Sasa mlango wa pembeni ukafunguka. Mumewe akatoka akielekezwa na karani kwenye chumba kingine, wasije wakapeana maneno. Alipita nyuma ya kioo kwa kitambo kidogo tu. Hakumtazama mkewe. Alikuwa anajikuna shingo, na shingo yenyewe ilikuwa nyekundu hadi kwenye kola.

Moyo wa Mama Bosi ukapiga paa. Ameshindwa, aliwaza. Masikini, amejaribu, ameshikwa, ameeleza yote.

Wakamwita.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, miwani ya kamba shingoni, kikombe cha chai kilichopoa mbele yake. Alikuwa mpole, na upole ule ulimtisha Mama Bosi kuliko ukali. Mkali unajua anakotokea. Akamwapisha aseme kweli. Akaanza na vidogo vidogo. Nani anaosha vyombo? Mumeo anatia sukari kiasi gani kwenye chai? Mama mkwe wako anaishi wapi? Mama Bosi alijibu kwa lugha ile ya ugenini aliyojifunzia kwenye tanuri, yenye matusi kidogo asiyojua kuwa ni matusi, na afisa akatabasamu mara moja.

"Jana usiku mumeo alilala wapi?"

Hilo hapo. Chumba kikawa kidogo. Jibu alikuwa nalo mdomoni, limekaririwa hadi limelainika: kitandani, upande wa kulia. Lakini ile shingo nyekundu! Kama mumewe amesema kweli, na yeye akasema kulia, basi kwisha habari yao. Kama mumewe amedanganya, na yeye akasema kweli, kwisha vilevile. Alimpima mumewe kama anavyopima unga, kwa mkono na si kwa mizani. Mtu yule hawezi uongo. Hakuuweza hata wa chupa ya chai.

Akapiga moyo konde.

"Sakafuni," alisema. "Chumbani kwa mtoto."

Afisa akainua macho. "Kwa nini sakafuni?"

Akajikaza. Akaeleza kifafa, dawa, mkono kwenye kifundo cha mguu. Akaeleza kwamba yeye anaondoka alfajiri, kwa hiyo ni lazima mwingine awe karibu na mtoto. Aliongea akitazama kikombe cha chai, maana kila neno alilolitoa aliliona likimsogeza Bosi hatua moja kuelekea uwanja wa ndege. Alipomaliza akaikalia mikono yake.

Afisa aliinuka, akatoka, akarudi na mume.

"Kaa hapo, bwana. Nisaidieni, maana nimechanganyikiwa." Akavaa miwani. "Bwana umeniambia hivi: kusema ukweli, tunalala kitanda kimoja, mimi upande wa kulia. Kusema ukweli, mtoto ni mzima, hajawahi kuugua. Bibi ananiambia hujalala kitandani mwaka mzima, na mtoto ana kifafa. Nani kati yenu ananidanganya?"

Mama Bosi akamgeukia mumewe. Amedanganya. Mtu asiyeweza kusingizia paka amekaa kwenye kiti hiki akadanganya saa nzima, bila kuyumba.

"Umesema?" mumewe alimuuliza, kwa sauti ndogo.

"Nimesema."

"Na habari ya mtoto?"

"Na habari ya mtoto."

"Ah! Mama Bosi!" Akasimama. "Mimi nimekaa hapa natoka jasho, najifunga ulimi, uongo juu ya uongo, kwa sababu nilijua wewe hutabadilisha hata nukta! Wewe ukishakariri umekariri! Halafu leo, leo ndiyo unaamua kusema kweli?"

"Nilikuona shingo! Nikajua umeshindwa!"

"Shingo inaniwasha nikidanganya!"

"Sasa mimi ningejua vipi kwamba leo umejifunza?"

"Si nilikuahidi?"

"Na ya chupa uliniapia!"

Wakanyamaza, wote wawili, walipokumbuka walipo. Afisa alikuwa ameweka kalamu chini muda mrefu. Alimtazama huyu, akamtazama yule.

"Wapangaji hawagombani hivi," alisema. "Sina shaka mmeoana."

Mama Bosi aliachia pumzi, lakini afisa akainua kidole. "Na ugonjwa wa mtoto si sababu ya kumnyima uraia. Haijawahi kuwa. Sijui nani huwa anawajaza maneno haya."

Mama Bosi alimjua anayewajaza, na kwa nukta moja alimwona pale ngazini na kujiona anamshika koo. Wiki tatu za kutetemeka, kwa jambo ambalo halikuwa jambo.

"Kilichonibana ni kingine," afisa akaendelea. "Bwana, umeapa, ukasema uongo, ukaweka sahihi. Siwezi kujifanya sijaona. Ombi la mkeo linasimama juu ya kiapo chako. Lazima niliandikie taarifa, liende kwenye jopo. Jopo linaweza kulipitisha. Linaweza pia kulikataa, na wakikataa, bibi atatakiwa kuondoka."

"Na mtoto?" mke na mume waliuliza kwa pamoja.

"Mtoto yumo ndani ya ombi la mama. Mama akianguka, anaanguka naye."

Baba Bosi alikaa chini kwa uzito, akafunika uso. Mabega yake mapana yalianza kutikisika. Mama Bosi hakulia. Hofu yake ilikuwa imepita mahali pa machozi. Alisikia masikio yakivuma na taa ya dari ikiunguruma. Mwezi ujao, aliwaza. Jaribu mwezi ujao.

"Kuna njia moja," afisa alisema, taratibu, kama mtu asiyependa anachotaka kukisema. "Naweza kumtoa mtoto kwenye ombi lako. Mumeo ni raia. Akimchukua kisheria kuwa binti yake, mtoto anafuata uraia wa baba, wewe upite usipite. Uongo wa leo haumgusi mtoto. Lakini lazima uridhie mwenyewe, kwa maandishi, kwamba hata wewe ukiondoshwa, yeye atabaki hapa na mumeo."

"Hapana," alisema Baba Bosi, akiinua uso uliolowa. "Hapana, mama. Kosa ni langu. Usitie sahihi kitu kama hicho. Mtoto na mama yake! Twende wote, kama ni kwenda. Nitaacha kazi, nitaacha uraia wao."

"Twende wapi, baba? Kwenye dawa ipi?"

Mama Bosi alijaribu kumwona mwanawe akiamka asubuhi kwenye nyumba asiyokuwamo mama. Nani atamsuka? Nani atamwambia anyamaze anapowaamrisha wageni? Atakua. Miaka itapita, na sauti ya mama yake itakuwa ya kwenye simu.

"Afisa," alisema, "nilikueleza kwamba yeye analala pale kwa sababu mimi natoka alfajiri. Si hivyo tu. Mara ya kwanza mtoto alipoanguka, nilikuwa nimelala naye kitanda kimoja. Mgongo kwa mgongo. Alitetemeka, akajiuma ulimi, akachafuka damu. Huyu hapa alisikia toka chumba cha pili, akaja mbio. Mimi alinitikisa ndipo nikaamka."

"Ulikuwa umechoka," mumewe alisema kwa haraka. "Ulikuwa umefanya zamu mbili. Yeyote asingeamka."

"Mara ya pili sikuwa na zamu mbili." Akamgeukia. "Baba Bosi, mtoto akitikisika usiku, nani anaamka?"

Mumewe alitazama chini, akatazama dirisha, mkono ukaanza kupanda shingoni, kisha akaushusha.

"Mimi," alisema.

"Basi."

Afisa alisogeza karatasi. Mama Bosi aliisoma yote, polepole, kidole chini ya kila neno, na maneno aliyokuwa hayajui aliuliza. Kalamu ilimponyoka mara moja, akaiokota. Akaandika jina lake pale alipoonyeshwa, akahakikisha kwamba linasomeka.

Kisha akaunganisha mikono yake yenye alama za moto juu ya meza.

"Wakinikataa," aliuliza, "nitapewa muda wa kumuaga?"

Afisa alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi, akachukua muda mrefu kuivaa tena.

"Utapewa," alisema.