Bomba Linalong'aa

Jumamosi, siku moja kabla ya harusi ya binti yetu, mume wangu Riefaat alikuwa chini ya gari. Jikoni kwangu wanawake wamejaa wanamenya vitunguu, imamu anamsubiri msikitini, suti yake bado iko kwa dobi, na yeye kilichoonekana uani ni miguu tu, ndani ya soksi nilizozitupa mwaka jana.

Safari hii sikumgombeza. Alikuwa anafanya jambo ambalo wanaume wa mtaa wetu wa Mitchells Plain hawalifanyi mpaka washikiwe bunduki. Alikuwa analipunguzia kelele gari lake la GTI.

Gari hilo jekundu amekuwa nalo tangu Ilhaam ana meno ya utotoni. Mwezi wa kwanza tu alilitoa bomba la moshi la kiwandani, lile linaloshuka kutoka kwenye turbo ya injini likiwa na chujio la moshi ndani yake, akaweka jingine la chuma cheupe kisichoshika kutu, tupu kama mfereji. Tangu siku hiyo akitoka kazini tunamsikia akiwa bado barabara kuu, nami napakua wali. Ilhaam alipokuwa mdogo alikuwa halali mpaka asikie gari la baba yake linakata kona. Akilisikia, macho yanafunga.

Lakini Ilhaam amekua, na amepata mchumba ambaye mama yake, Hajja Mymoena, anakaa mtaa wa watu wanaofungua geti kwa rimoti. Siku tulipokwenda kwao, Hajja alitupokea mlangoni akamwambia Ilhaam, "Gari la baba yako linafika kabla ya salamu zake." Alicheka peke yake. Wiki iliyopita, mezani, Ilhaam akamwambia baba yake, "Baba, siku hiyo moja tu. Unipeleke wewe, lakini tufike ukumbini kimya. Naomba."

Riefaat alimaliza chakula. Akaosha sahani yake mwenyewe, jambo lililonitia hofu, kisha akapanda darini akalishusha lile bomba la kiwandani, limejaa kutu na kinyesi cha njiwa.

Kwa hiyo Jumamosi akawa chini ya gari. Upepo wetu wa bahari unakula bolti kama watoto wanavyokula biskuti, na kila bolti iliyogoma aliitukana, halafu akakumbuka kwamba kesho anaozesha, akaomba msamaha kwa Mungu, akaishika nyingine, akaitukana na hiyo. Mwishowe bomba la kelele likatoka. Mtu mwingine angeliweka pembeni aendelee na kazi. Riefaat alikaa kwenye majani, akachukua steel wool yangu ya kusugulia masufuria, akalisugua mpaka likang'aa.

"Unalisugua la nini?" nikamuuliza.

"Nitalitundika gereji."

"Ukutani? Kama picha ya marehemu?"

"Shireen, niache."

Nikamwacha, maana sauti yake haikuwa nzuri.

Mara simu ya imamu ikalia kwa mara ya nne, na hapo hapo akaingia jirani yetu Boeta Maan, yaani Kaka Maan, na rafiki zake wawili, kila mmoja na spana zake. Mtaani kwetu gari likinyanyuliwa kwa jeki, Boeta Maan haitwi. Anafika.

"Nenda, baba wa bibi harusi," alisema huku akikunja mikono ya shati. "Bomba tu hilo. Tunakumalizia."

"Gasketi mpya iko kwenye kiti, Boeta," Riefaat alisema. "Na waya wa sensa msiuvute, utakatika. Na nati za juu msizikaze kwa hasira."

"Wewe kweli unanifundisha mimi?"

Riefaat akaondoka na ufunguo wa gari mfukoni. Alikuwa amewaeleza kila kitu isipokuwa kimoja tu, bomba lipi lifungwe. Hakuona haja, kwa sababu yeye alikuwa analijua.

Sasa jiweke mahali pa Boeta Maan. Kwenye majani kuna mabomba mawili. Moja linameta, unaweza kunyolea ndevu. La pili lina kutu na uchafu wa ndege. Katika mtaa wetu mzima hajapata kuonekana mtu anayerudisha bomba la kiwandani. Wale watatu hawakujiuliza hata sekunde moja. Walifunga kwa makini sana, waya wa sensa hawakuugusa vibaya, wakala sambusa zangu zote, wakaenda zao. Riefaat alirudi usiku, akaona gizani gari limeshushwa kwenye jeki, akaenda kulala. Na Jumapili asubuhi mkokoteni wa farasi wa vyuma chakavu ulipopita, Boeta Maan, kwa wema wake, akawapa wenye mkokoteni lile la kutu.

Nikaha ilifungwa vizuri. Riefaat alirudi kutoka msikitini kwa miguu, macho mekundu, kumchukua binti yake. Ilhaam akaingia kiti cha nyuma na gauni lake lote, mimi nikajibana pembeni. Riefaat akatuangalia kwenye kioo, akatabasamu, akawasha.

King'ora cha gari la jirani kikaanza kulia. Mbwa wa mtaani akaingia chini ya meza ya watu.

Riefaat alizima haraka kama aliyeungua. Boeta Maan alikuwa amesimama getini na suti na tarbushi yake nyekundu, uso umejaa furaha.

"Limekaa vizuri, eh?"

"Boeta Maan, mmefunga bomba gani?"

"Jipya. Hilo linalong'aa."

"Na la kutu?"

"Nimekutupia. Wala usinishukuru."

Riefaat alimweleza kwa sauti ndogo. Nilimwona Boeta Maan akivua tarbushi, akaivaa tena, akaivua. Ilhaam alikuwa akiyatazama maua yake. Niliumia kwa ajili yake, na kwa ajili ya yule mpumbavu wangu aliyekaa mbele niliumia zaidi.

"Twende na gari jingine," nikasema.

"La nani?" Riefaat akauliza. Tukaangalia mtaa mzima, huku na huku. Halikuwepo hata moja lililokuwa na bomba la kiwandani.

"Nilisema baba ndiye atakayenipeleka," Ilhaam akasema. Basi.

Boeta Maan akavua koti akanipa dirishani. "Toa gia, Riefaat. Wewe shika usukani tu."

Tulikwenda ukumbini hivyo. Wanaume wa mtaa mzima, na suti zao za harusi, wanasukuma, wanahema, wanagombana nani amekanyaga nani, na Boeta Maan anawaambia wagombane kimya kimya. Tuliingia getini bila sauti yoyote isipokuwa matairi kwenye kokoto.

Hajja Mymoena alikuwa mlangoni na chupa ya marashi. Akawatazama wale wanaume waliolowa jasho, akamwinamia Riefaat dirishani.

"Maskini. Limeharibika?"

Mimi nimeishi na mtu huyu miaka yote. Mwambie kuwa mimi nimezeeka, atakubali. Usimwambie gari lake limeharibika. Nikaona vidole vyake vinaukaba usukani.

"Ndiyo, Hajja," akasema. "Limeharibika."

Ilhaam akanyanyua kichwa. "Halijaharibika," akasema. "Baba, liwashe."

"Mwanangu, ulisema kimya."

"Nilisema. Sasa nasema liwashe."

Akawasha. Ukumbi mzima ukatoka nje, na Hajja akajimwagia marashi yote kifuani. Mdomo wake ulifunguka na kufungwa, lakini alichosema hakuna aliyekisikia. Ilhaam alikuwa ameegemea kiti, amefumba macho. Riefaat akakanyaga mafuta tena, halafu tena, na kwa kishindo kile hakuna aliyejua kwamba analia, ila mimi niliyekuwa nyuma yake nikiyaona mabega.