Mtani wa Ukutani

Asubuhi ile bomba la mtaa lilitoa hewa tu, kama kawaida yake. Zuwena alisubiri na ndoo yake mpaka jua likachoma, akasonya, akarudi nyumbani. Alimkuta mumewe, Nasri, anakoroga rangi nyeusi kwenye kopo la maziwa.

Nasri ni mchora mabango. Saluni zote kuanzia Mtendeni hadi stesheni zina vichwa alivyovichora yeye, na vyote, Mungu amsamehe, vinafanana. Zuwena huuza chai na vitumbua barazani. Bila maji hana chai, na bila chai jikoni kwake hakuinjikwi kitu.

Bomba lenyewe lilizinduliwa baada ya Idi. Mratibu wa mradi wa maji, Mheshimiwa Shaban Kondo, alikata utepe, akafungua koki, maji yakatoka, wanawake wakapiga vigelegele. Nyuma ya ukumbi wa sherehe lilikuwa limefichwa boza la maji. Jioni boza liliondoka, na maji yakaondoka nalo.

Basi Nasri akamchora Mheshimiwa kwenye ukuta wa nyumba yao unaotazama barabara. Alimvika suti na miwani, akampa tumbo la wastani, akamtia mdomoni mrija mrefu uliozama kwenye bomba. Jina hakuandika, na hakuna aliyeuliza ni nani. Waendesha bodaboda walisimama wakacheka wakashika mbavu, na kina mama waliotoka kwenye foleni na ndoo tupu wakacheka kuliko wote.

Kesho yake yule wa ukutani alikuwa ameanza kunywa.

Alisikika akigugumia taratibu, kama ng'ombe aliyefika lamboni. Mtungi wa Zuwena uliokuwa umeegemea ukuta ule ulikutwa mkavu, na tumbo limefika usawa wa dirisha. Zuwena alihamishia mtungi wake upande wa pili wa nyumba, akamwambia jirani naye ahamishe wake. Nasri ndiye aliyekasirika.

"Mimi sikumchora hivi," alisema. "Tumbo hili limeniharibia vipimo vyote."

Mambo ya mjini hayakai. Wilbroad, yule mchekeshaji wa kipindi cha asubuhi redioni, aliisikia habari, akaigiza sauti ya Mheshimiwa akinywa kwa mrija. Alipomaliza kuigiza, redio ziliendelea kunywa zenyewe. Huko Ipole warina asali walikuwa na redio mezani karibu na chai, na chai ikaisha kabla hawajaigusa. Vijana wakaupiga picha ule mchoro wa tumbo, wakaugeuza stika, wakautupia kwenye magrupu. Ukifunguliwa ujumbe, glasi iliyo karibu na simu hupungua. Muda si muda watu walizoea kusoma mambo ya siasa mbali na vikombe vyao, na wakaendelea kucheka.

Zuwena peke yake hakucheka. Tangu gari jeupe lilipoanza kuegeshwa ng'ambo ya barabara, vioo vimepandishwa, moyo wake ulikuwa hautulii. Gari lilikuwa likija asubuhi, likiondoka magharibi. Hakuna aliyeshuka. Zuwena aliwapelekea chai siku moja, kwa ustaarabu tu, kioo kikashuka kidogo, mkono ukapokea vikombe, kioo kikapanda. Alirudi ndani, akakomea mlango.

Kisha Wilbroad akaitwa kuhojiwa. Aliporudi kazini hakuchekesha tena. Alipewa kipindi cha matangazo ya vifo, akawa anayasoma vizuri sana. Nasri alimpigia simu.

"Niko salama, ndugu yangu," Wilbroad alimjibu. "Niko salama kabisa. Kabisa kabisa. Wasalimie nyumbani." Akakata.

Siku hiyo Zuwena alitoa mfuko, akatia sweta la mumewe, msala, mswaki na dawa zake za presha. Akauweka nyuma ya mlango.

"Baba Shamimu," alisema, "kafute picha ile. Nakuomba. Watakuchukua, na mimi sina pa kukutafuta."

Nasri aliona uso wa mkewe, hakubisha. Alikoroga chokaa ndoo nzima, akapaka ukuta wote. Yule wa ukutani alikunywa chokaa. Ilipanda kwenye mrija nyeupe pe, koo likacheza, na ukuta ukabaki na picha yake kama ulivyokuwa. Nasri akapaka tena, ikanywewa tena. Mwisho chokaa ikaisha, na tumbo likawa limeziba dirisha, chumbani kukawa na giza mchana.

"Nimefanya niwezavyo," alisema.

"Najua," Zuwena alijibu, na machozi yakamtoka.

Ijumaa, watu wakitoka msikitini, Mheshimiwa alikuja mwenyewe. Alishuka na askari mmoja, Afande Leodgar, na wale wa gari jeupe kwa mara ya kwanza wakafungua milango.  Waendesha bodaboda walizima pikipiki zao. Zuwena alisimama mlangoni, mfuko mkononi, akisoma dua zote alizofundishwa chuoni na zingine alizozitunga hapo hapo.

Mheshimiwa alikuwa mwembamba kuliko picha. Aliutazama ukuta, akalitazama tumbo lake lililokuwa limekata kona na kuingia ukuta wa jirani. Yule wa ukutani alikuwa akinywa bila wasiwasi.

"Nani kachora?"

Hapo ndipo Nasri alipokosea. Mtu wa kwingine angekana, au angeomba radhi, au angekimbia. Nasri ni Mnyamwezi. Babu zake walibeba mizigo kutoka Tabora hadi pwani, wakipita nchi ya Wazaramo, na huko njiani, kwa kupigana na kupatana, makabila hayo mawili yakawa watani. Tangu hapo Mzaramo akimtukana Mnyamwezi msibani, Mnyamwezi hucheka. Mnyamwezi akichukua kuku wa Mzaramo, Mzaramo hucheka. Kununa ni aibu, na kushitaki ndiyo aibu kubwa zaidi. Nasri alikuwa ameshikwa na hofu, na neno lililomtoka ni lile ambalo babu yake angelisema kwa mtu yeyote wa pwani.

"Mimi. Karibu, mtani."

Mheshimiwa alimtazama Nasri kuanzia miguuni mpaka kichwani. Kisha uso ukamfunguka.

"Alaa! Kumbe Wanyamwezi!" alisema. "Mimi Mzaramo wa Kisarawe, baba na mama! Enyi wabeba mizigo, mbona hamkusema mapema? Afande, hawa watani zangu!"

Akacheka. Nasri akacheka. Watu walikuwa wamebanwa na woga tangu gari lilipoanza kuegeshwa, na kicheko kikawatoka chote kwa pamoja, wengine wakakaa chini kabisa.

"Haya, mmenichora," Mheshimiwa alisema, akifuta macho. "Halali yenu. Na mimi maji nimewanywea. Halali yangu! Mtani hashitakiwi, au siyo?"

"Siyo!" watu walijibu, wakimaanisha hashitakiwi, na wakacheka tena. Akaokota tetea wa Zuwena aliyekuwa akichakura penye baraza, akampa Afande Leodgar amshike. Ilikuwa haki yake. Akampa Nasri mkono, akapanda gari.

Zuwena alimshika mumewe, akampapasa mabega na mikono kama mtoto aliyeanguka mtini. Alifurahi. Lazima isemwe kwamba alifurahi sana.

Mkutano wa mtaa ulikuwa umepangwa wiki ile, ili wachaguliwe watu wa kupeleka malalamiko ya maji mkoani. Ulifanyika, lakini kila aliyetajwa alitazama chini. Utaanzaje kumshitaki mtani, tena mliyecheka naye hadharani? Zuwena alisimama.

"Mimi ni Mmanyema, kwetu Ujiji," alisema. "Utani huo si wangu. Mimi nataka maji."

"Mama Shamimu, umeolewa kwetu," mwenyekiti alimwambia kwa upole. "Mtani hanuniwi. Na mumeo yupo nyumbani, au umesahau?"

Alikuwa hajasahau. Alikaa.

Sasa ile picha imetiwa kwenye kalenda ya mradi, kwa rangi, na Mheshimiwa amesimama kando yake akitabasamu. Ofisi nyingi zimeitundika, mbali na jagi la maji. Bomba linatoa hewa. Zuwena hununua madumu kwa wauza maji wa mikokoteni, chai yake imepanda bei, na wateja wamepungua. Gari jeupe bado linaegeshwa ng'ambo ya barabara. Wale wa ndani huteremsha vioo siku hizi, maana nao ni watu wa nyumbani.

Juzi alasiri mume na mke walikuwa barazani, dumu la mwisho kati yao. Ukutani kukasikika mgugumio mmoja mrefu, na dumu likanywea, plastiki ikabonyea yenyewe, maji yote yakaisha. Zuwena alilinyanyua, akaligeuza, halikutoa hata tone. Akafunua mdomo apige kelele.

Ng'ambo ya barabara kichwa kimoja kiligeuka dirishani mwa gari.

Nasri alikuwa tayari anacheka. Alicheka kwa sauti, akijipiga paja, na macho yake hayakuwa yakicheka hata kidogo.

"Cheka, mama Shamimu," alimnong'oneza. "Wanatutazama. Cheka."

Zuwena akacheka.