Sindano ya Gunia kwenye Mguu wa Anyait

Sikuwa na cheti ila kile cha ngumbaru, masomo ya usiku ya watu wazima. Sikuwa na dawa nyumbani, sikuwa na meno mawili ya mbele, na siku ile sikuwa na subira. Nilikuwa na bambo tu, chuma ambacho kwa miaka thelathini na minane nimechomea magunia pale Malaba, nikitoa punje za ndani nijue kama mahindi yamekauka.

Mke wangu Anyait alijikata mguu kwa jembe. Siku ya tatu ukavimba. Nikachemsha sindano ya kushonea magunia, nikauchoma nione kilichomo. Kesho yake ulivimba maradufu. Nikajua nimeupasua ndani. Tulipofika hospitalini Busia, nilikaa kwenye benchi nikingoja kuambiwa utakatwa.

Daktari Raisa alitoka akivua glovu.

"Mzee, nani alimchoma?"

"Ni mimi. Gunia huwezi kulijua kwa nje, daktari."

"Mwambie mimi si mahindi!" Anyait akapaza sauti kutoka kitandani.

Raisa akacheka, nami nikapumua.

"Mguu utapona. Usimchome mtu tena, ungemwongezea uchafu. Lakini uvimbe ulianzia kwenye jembe. Vijidudu vikiingia, baadhi ya seli hutoboa utando wao zenyewe. Maji yanaingia, seli inafura."

"Halafu inapasuka kwa kujaa."

"Hata sisi tulidhani hivyo. Kumbe kuna protini nyingine inayojipanga kwenye utando na kuuchana. Vilivyomo vikimwagika, vinaita askari wa mwili. Ndiyo maana pakavimba, pakawa moto."

Nikayafikiria magunia yangu. Tundu la bambo halijawahi kunimwagia gunia. Ukilisugua, nyuzi hurudi. Hata likinyeshewa mahindi yakafura, hukaza tu. Humwagika mshono unapoachia. Nilipomweleza hivyo, Raisa alinitazama upya.

"Ulisomea wapi, mzee?"

"Usiku," nikamjibu.

Binti yetu Apolot anasomea utawa Tororo, na mwaka huu haruhusiwi simu. Pale kwenye benchi nilikuwa nimeanza kumwandikia kwamba nimemharibu mama yake. Niliichana karatasi ile, nikaandika nyingine. Habari ya sindano sikuificha. Nikaeleza na utando, nikisoma kwa sauti, mpaka Anyait akasema, "Yatosha, mwalimu. Mwambie nitatembea."

Nikaliandika hilo mwisho. Nikaifunga bahasha kwa ugali laini, nikampa Sulaiti, dereva wa trela aliyekuwa kwenye foleni ya kuvuka mpaka, amfikishie Apolot.