Hapa Hakuna Tifani

Mwanamume wa kwanza nilimlisha. Alibisha hodi Jumamosi mchana, shati limepigwa pasi, marashi yanamtangulia, nami ndiyo kwanza nimeteremsha sapasui, tambi zetu za nyama, jikoni. Sisi Wasamoa mtu hapiti mlangoni wakati wa chakula asiitwe. Nimeishi mji huu wa Logan, ugenini, hadi mvi zimeniota, na jambo hilo sijaliacha. Nikamwambia, "Karibu, kaa ule." Akakaa. Akala tambi zote na magimbi juu yake, huku macho yanakimbilia mlango wa chumbani. Alipofuta mdomo akauliza kwa sauti ndogo, "Tifani yuko tayari?"

"Hapa hakuna Tifani, mwanangu."

Uso ukamwiva, akashukuru kwa chakula, akatoka karibu mbio.

Wa pili naye nilimlisha, nikidhani kapotea njia. Wa tatu alikuwa angali anatafuna, mjukuu wangu Lupe aliporudi kutoka kazini kwake, kwenye nyumba ya kulelea wazee. Lupe hana haya. Akamwambia yule bwana, "Kaka, hebu nione simu yako." Akasoma, kisha akanigeukia.

"Bibi, unajua kwamba nyumba yetu imetangazwa?"

Ndipo nikaelezwa. Kuna ukurasa kwenye mtandao ambako wanawake hutangaza kuuza mapenzi kwa wanaume. Tapeli kaiba picha ya binti mmoja, kampa jina Tifani, kaweka tangazo. Mwanamume akiandika, anaambiwa atangulize pesa ya kushika nafasi, tena kwa kadi za zawadi za dukani: akwangue, atume namba. Akishatuma anapewa anwani. Anwani yenyewe ni yangu.

"Kwa nini yangu?"

"Hakuna cha kwa nini, Bibi. Kaiokota kwenye ramani. Wanawake wanaofanya kazi hiyo kweli wapo, na hawamtumi mtu dukani akanunue kadi kama anaenda sherehe ya mtoto."

Lupe aliwaandikia wenye ukurasa. Tangazo likaondolewa, kesho yake likarudi, picha ileile. Polisi walinisikiliza kwa adabu, wakanipa namba ya kumbukumbu. Namba haizuii mtu kubisha hodi.

Sasa jirani yangu Glenys, ambaye dirisha lake linatazama mlango wangu, aliona wanaume wanaingia mmoja mmoja, wanakaa kidogo, wanatoka wakifuta midomo. Mimi nisingemlaumu. Ila hakuja kuniuliza. Alimpigia Narelle, wakala wa nyumba.

Narelle akanipigia. "Mama Sieni, nakuja Jumamosi saa tisa kukagua. Nikikuta maneno haya ni kweli, mwenye nyumba hatawaongezea mkataba."

Nyumba za kupanga zimekuwa adimu huku kiasi kwamba watu wenye kazi zao wanalala ndani ya magari kando ya bustani. Mimi na Lupe tungekwenda wapi?

Jumamosi ile, kabla ya saa tisa, akaja mwingine. Pande la mtu, viatu vya kazi vina tope.

"Mwambie Tifani ni Keith."

Nilisimama nimeshika mlango. "Baba, hapa hakuna Tifani. Umeibiwa."

"Aliniambia utasema hivyo."

"Nani?"

"Tifani. Anasema mlangoni kuna bibi mlinzi, mkali."

"Mimi mlinzi? Kwa magoti haya?"

Simu yake ikalia. Akasoma. "Anasema nitume nyingine, ya bima, ndipo unifungulie. Itarudishwa."

"Ile ya kwanza ilirudishwa?"

Akausoma ujumbe tena.

"Basi mpigie. Mwambie akuonyeshe uso, akupungie mkono."

Akapiga. Ikaita, ikakatwa. Ujumbe ukaingia. "Kamera ya simu yake imeharibika," akaniambia, kama aliyenishinda kesi.

"Na hizo picha kapiga kwa kitu gani, kwa sufuria?"

"Mama, usimtukane."

"Simtukani, mwanangu, hayupo! Muulize mlango huu nilioushika una rangi gani."

Akaandika. Jibu likaja, akalisoma kwa sauti: "Mpenzi, maswali mengi kama askari. Lipa uingie." Halafu, jamani, akatabasamu. "Ana utani huyu."

Wajukuu nimewafundisha kufunga kamba za viatu. Marehemu mume wangu nilimlisha kwa kijiko hadi siku yake ya mwisho. Sijawahi kutamani kumpiga mtu kofi kama nilivyotamani pale. Akageuka, akaelekea dukani kununua kadi. Nikaita, "Keith! Usinunue!" Akanipungia mkono.

Narelle akafika. Alikuwa bado anapiga picha kuta za sebuleni Keith aliporudi, kadi imekwanguliwa mkononi.

"Nimeshalipa! Haya, fungua!"

Narelle akanitazama. "Kalipia nini?"

Nikaona vitanda vyetu vimepangwa kando ya barabara.

"Nimelipia Tifani," Keith akafoka. "Anwani hii hii. Soma mwenyewe!" Akamsogezea simu usoni.

Narelle akaishika, akatazama picha kwa muda. Binti kakaa kwenye ngazi, nyuma yake dirisha, na dirishani bahari.

"Bwana, nyumba hii naikagua mimi. Ngazi iko wapi? Na bahari, hapa Logan, umeiona wapi?"

Keith akachungulia ndani, akatazama korido hadi mwisho. Akashuka taratibu akakaa kizingitini. Simu ikalia tena mkononi mwa Narelle: sasa Tifani anataka nauli ya teksi. Keith akanyoosha mkono.

"Nimjibu tu kwamba..."

"Humjibu kitu!" Tulipiga kelele pamoja.

Narelle akamwambia asitume hata senti nyingine, awapigie wenye kadi na benki saa ile ile, pengine ya mwisho haijatumika. Keith akachukua simu yake, akaenda, kichwa chini.

"Mkataba nitautetea," Narelle akaniambia. "Lakini Glenys anapiga picha, mama. Akileta nyingine ya mwanamume mezani kwako, mwenye nyumba hatanisikiliza. Usiwaingize. Usiwape hata maji."

"Hata mwenye njaa?"

"Hata huyo."

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha, na kijana mwembamba akabisha, nywele zinamchuruzika. Chungu kilikuwa mezani, harufu imefika hadi barabarani. Nilisema naye kupitia mlango wa wavu: hapa hakuna Tifani, umeibiwa, usitume tena, piga simu benki.

"Samahani, bibi," akasema. Hakuondoka mara moja. Alikuwa anatazama chungu nyuma yangu.

Nikafunga na mlango wa mbao.

"Umefanya vizuri, Bibi," Lupe akasema.

Nikamwambia asinisifie.