Rizista Yenye Pete ya Dhahabu

Mzee Machuki alipotangaza kwamba anarudi kwao Ntimaru, na kwamba mmoja wa mafundi wake wawili ataachiwa kibanda cha kutengeneza vifaa vya umeme cha Sindo, Nyamweya alipoteza usingizi. Yeye ndiye aliyetangulia. Risper alimkuta hapo, na Nyamweya ndiye aliyemfundisha kulehemu. Leo wateja wakifika wanamuulizia yule dada.

Hata Mama Eucabeth, kiongozi wa kwaya ya Wasabato, alileta habu ya USB iliyokufa, kile kisanduku kinachogawa tundu moja la kompyuta kuwa manne, akauliza, "Risper yuko wapi?"

"Ameenda kununua waya. Kwani mimi sina mikono, mama?"

"Unayo, mwanangu. Ila yeye hunieleza."

Neno hilo lilimchoma. Kibanda kilikuwa na desturi yake: aliyefungua skrubu ndiye anayefunga, mwingine haingizi mkono. Basi Nyamweya akafungua upesi, kabla Risper hajarudi. Kando ya chipu akaona rizista, kile kijiti cha kuzuia umeme, imeungua. Akatafuta maelezo yake kwenye simu: kiloomu kumi na mbili, isikosee zaidi ya asilimia moja. Hakuwa nayo. Rizista mpya alikuwa nazo Risper, na kumwomba kulikuwa sawa na kumeza mwiba. Akang'oa nyingine ya kiloomu hizo hizo kwenye redio kuukuu, yenye pete ya dhahabu, ile ya kukosea hata asilimia tano. Karibu ni karibu, akajiambia. Taa ya habu ikawaka.

"Umeifufua," Risper akasema aliporudi. Nyamweya alitafuta kejeli katika sauti yake, akaudhika kuikosa.

Alhamisi alasiri Mama Eucabeth akarudi na habu, pamoja na kinanda na maikrofoni vinavyochomekwa humo. "Asubuhi mazoezini iliimba vizuri. Mabati ya kanisa yalipopata moto, kinanda kikaimba ubeti mmoja kikazimia. Kikiamka, maikrofoni inalala. Sasa waimbaji wa besi wanataka kuiombea."

Mzee Machuki, aliyeketi mlangoni, akacheka. "Risper, hebu itazame wewe."

Wewe. Mbele ya mteja. Nyamweya alihisi masikio yakiwaka moto.

Risper akawapa wazee mgongo, akafungua, akaiona pete ya dhahabu. Nyamweya akangoja aibu. Badala yake Risper alimsogezea habu, na juu yake rizista mpya.

"Omera, ndugu yangu," akanong'ona, "hii si ya kuzuia umeme tu. Chipu inapimia nguvu ya mawimbi yake yote kwa hii. Ni kama gorogoro la sokoni. Likibonyea, mahindi yote yanapimwa vibaya. Na hiyo ya redio ikipata joto inazidi kuhama." Kisha akapaza sauti. "Mzee, aliyeifungua mwanzo ndiye anayeifunga."

Nyamweya akalehemu. Wakaianika habu juani juu ya bati, kinanda na maikrofoni vikiwa vimechomekwa. Hakuna kilichozimia. Mama Eucabeth akamshika mkono akamshukuru.

"Kosa lilikuwa wapi?" Machuki akauliza. "Na nani ameliona?"

Risper aliinama kukunja waya kana kwamba hakusikia. Nyamweya alijua kwamba akinyamaza naye, ufunguo wa kibanda ni wake, kwa kuwa mzee amemwona yeye akilehemu. Lakini kuupata kwa hisani ya Risper, kila asubuhi afungue mlango kwa zawadi yake! Hilo lilimuuma kuliko kuukosa.

"Ni Risper," akasema. "Mimi niliweka ya redio."

Mzee akatoa ufunguo mfukoni akamkabidhi Risper.

Nyamweya akangoja ajivune, angalau apate sababu ya kumchukia kwa raha. Risper aliupokea kwa mikono miwili, akamgeukia.

"Wewe ndiye wa kuamka mapema. Kesho tufungue saa ngapi?"

"Saa moja," Nyamweya akajibu, wivu ukiwa bado haujamtoka.