Fisi Laini wa Edson

Watu wenye fedha mpya wana ugonjwa mmoja: wakiambiwa kitu ni cha zamani, wanakikataa hata kama ndicho kinachowafaa. Edson alikuwa nao ugonjwa huo kuanzia kofia hadi viatu vyake vya ngozi ya mamba ambavyo, nasema kama mtu anayejua ngozi, havikuwa vya mamba.

Alinijia hapa Kambarage, Shinyanga, uani kwangu, ninapofanya kazi ya kuwatengeneza wanyama waliokufa waonekane kama walivyokuwa hai. Yeye hununua dhahabu ya wachimbaji wadogo upande wa Bulyanhulu. Alishusha kwenye gari ngozi nzima ya fisi iliyopakwa chumvi, na kibali cha maliasili juu yake. Fisi huyo alikuwa amemaliza mbuzi wa watu, askari wa wanyamapori wakafanya msako, na Edson akaandamana nao na bunduki yake. Kwa maneno yake, alipambana na fisi uso kwa uso. Niliikunjua ngozi nikaona matundu mawili ya risasi, yote matakoni.

Nikamuuliza anamtaka fisi wa nini. Wateja wangu huniambia sebule, au ofisi, au baa. Yeye aliniambia bila haya, huku akichezea funguo za gari, kwamba anamtaka ili amhamishe bibi mmoja. Bibi huyo anaitwa Mbuke, ni mjane, na chini ya shamba lake la mihogo umepita mwamba wa dhahabu. Edson alimwendea mara tatu ampishe achimbe, na mara tatu bibi akamkatalia. Sasa alikuwa ameshaeneza maneno kwamba fisi huyo ni wa Mbuke, kwamba usiku bibi alikuwa akimpanda mgongoni akienda kuloga. Kilichobaki ni kumleta fisi mwenyewe kwenye mkutano wa kitongoji, ili watu waone kwa macho yao. Akaniagiza nimwekee macho mekundu, kama ya bibi.

Macho ya Mbuke ni mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe alichopikia miaka sitini. Ya mama yangu yalikuwa hivyo hivyo, na ya bibi yake Edson pia, kama alimtazama hata siku moja. Na huku kwetu kila mtu anajua kwamba bibi akishaitwa mchawi mkutanoni, kinachomfuata nyumbani si barua ya kuhama. Hufuatwa na mapanga. Nilichukia. Nilitaka kumtupia ngozi yake barabarani, lakini angeipeleka kwa fundi mwingine, na macho mekundu yangewekwa.

Basi nikamweleza kazi, kama ninavyomweleza kila mteja. Kuna njia ya zamani: mwili wa bandia unachongwa kwa sponji ngumu, nyaya zinapita miguuni, ngozi inavishwa juu, macho ya kioo yanawekwa, na mnyama anasimama meno nje. Na kuna njia laini iliyoingia juzi juzi: ngozi inalainishwa hadi inakunjika kama blanketi, inajazwa pamba, haiwekwi ubao wala waya. Mnyama huyo hulala tu, nikamwambia, na macho nitayafumba.

Katikati ya maelezo simu yake ikaita. Akaongea, akacheka, akarudi kwangu na maswali mawili. La kwanza, ipi ni ya kisasa. Nikamwambia ni laini. La pili, kwa njia ipi mtu anaweza kumkalia mnyama mgongoni bila mnyama kuvunjika, maana alitaka kuwaonyesha watu jinsi bibi alivyokuwa anampanda. Nikamwambia ni laini. Nilimuuliza kama amesikia kuhusu kusimama na kuhusu macho. Akanijibu nisimfundishe mambo, yeye ya kizamani hataki, na akasaini karatasi ya kazi bila kuisoma. Kwa hiyo dhamiri yangu ni safi, au angalau ina saini.

Siku ya mkutano alikuja na haraka zake. Nilikuwa nimemfunga fisi ndani ya shuka. Edson hakutaka kumfungua, alitaka kumfunua mbele ya umati kama linavyofunuliwa jiwe la msingi. Ili asiingiwe na vumbi, akamweka kiti cha mbele cha gari na kumfunga mkanda. Mimi, fundi, niliyeombwa niende endapo patakuwa na marekebisho, nikakaa nyuma. Njiani tuliwapakia wajomba zake wawili aliowapanga kuwa mashahidi.

Kitongoji kizima kilikuwepo. Mbuke alikaa chini peke yake, miguu ameinyoosha, na hakuna aliyekaa karibu naye. Vijana watatu nyuma yake walikuwa na fimbo. Raphael, mwenyekiti wa kitongoji, alikwepa kumtazama. Edson akambeba fisi kutoka garini kwa mikono miwili, akamweka mezani, akahutubia kwa muda mrefu, kisha akavuta shuka.

Fisi alikuwa amelala kifudifudi, macho yamefumbwa. Kichwa kikateleza polepole kikaning'inia ukingoni mwa meza. Edson akakirudisha. Kikaanguka upande wa pili. Akamwinua kwa miguu ya mbele asimame, mnyama akamlegea kifuani, mdomo begani pake kama mtoto aliyeshiba. Mwanamke mmoja akaanza kucheka, na kicheko kikaenea. Hata wale vijana wa fimbo walicheka.

Edson akanigeukia, jasho linamtoka, akaniambia nimsimamishe. Nilimjibu kwa sauti ya kusikika na wote kwamba hasimami, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemchagua laini.

Hapo ndipo Mbuke alipoinuka. Alisubiri watu wanyamaze.

"Mimi fisi namsikiaga tu akilia huko porini," alisema. "Sijawahi kumshika. Wewe umekuja naye kiti cha mbele, wajomba zako wamekaa nyuma. Sasa umempakata mbele yetu mchana huu. Niambie, ngosha, wewe mwanaume, mwenye fisi hapa ni nani?"

Hakuna aliyecheka tena. Watu waliokuwa karibu na meza walirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, na Edson akabaki katikati na fisi wake begani. Nilikuwa nimetaka wamcheke tu, basi. Nikaona hofu ile ile ya kijinga ikihama kutoka kwa bibi kwenda kwake bila hata kupumzika njiani, na nikawadharau wote kwa pamoja. Raphael akafunga mkutano kwa kisingizio cha mvua, wakati jua lilikuwa kali.

Mbuke alipangusa vumbi kwenye kanga yake akaenda kupalilia mihogo. Wale vijana walimpisha njia, mmoja akamwambia, "Shikamoo, mayu," kama anavyomwamkia mama yake.

Edson alimrudisha fisi kiti cha mbele, akafungua milango ya nyuma, akawaita wajomba zake. Walisema wanapenda kutembea. Hadi kwao ni kilomita tisa. Akanigeukia mimi, akaniambia nipande turudi Shinyanga.

Mimi nimesoma, nimechuna fisi wengi kwa mikono yangu hii, na upuuzi huo siuamini hata kidogo. Nilipanda bodaboda.